Wanataka kuibomoa nyumba ya kale Kibokoni: tuwazuie vipi?

Swali: Asalaam aleykum, bwana mhandisi. Sisi ni wakaazi wa Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Kwenye kichochoro chetu kuna nyumba ya kale ya ghorofa moja, ya mawe na boriti, ina roshani ya mbao na mlango wa nakshi. Hata wazee wetu waliikuta. Warithi wameiuza, na mnunuzi ameshaizungushia mabati. Twasikia atajenga ghorofa saba za kupangisha. Tulipomwendea alitutolea barua ya mhandisi, ukurasa mmoja, isemayo kuwa nyumba "ni hatari na haifai kukaliwa na watu". Akasema mali ni yake na sisi hatuna la kumuuliza. Ukuta wa nyumba yangu umeshikana na wa nyumba hiyo. Je, barua kama hiyo yatosha kubomolea nyumba? Na sheria yatupa njia gani ya kumzuia?

Jibu: Waaleykum salaam, ndugu yangu. Barua hiyo haitoshi. Nitaanza nayo kabla ya kufika kwenye sheria, kwa sababu wanaotetea nyumba za kale mara nyingi hushindwa papo hapo. Wakaazi huja na hoja ya historia, mwenye nyumba huja na hoja ya usalama, na hakuna afisa anayetaka kubeba lawama ya ukuta ulioangukia watoto wa watu. Hofu yake ni ya haki. Beit al-Ajaib, jumba la sultani la Unguja lililojengwa mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika kukarabatiwa, na watu wawili wakapoteza maisha. Kwa hiyo msimjibu mnunuzi kwamba nyumba ni nzuri, au ni ya enzi ya mababu. Mjibuni juu ya ukuta.

Nyumba hizi za Mji wa Kale hazina nguzo za zege wala chuma ndani yake. Kinachobeba uzito wote ni kuta za matumbawe na chokaa, nene kiasi cha nusu mita. Sakafu ya juu imelalia boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, ncha zikiwa zimeingia ukutani pande zote mbili. Ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu: boriti haivuki salama nafasi inayozidi mita tatu hivi. Nyumba ya namna hii haiharibiki yote kwa pamoja. Huanza mahali pamoja, na karibu kila mara anayeanzisha ni maji: bati lililotoboka, paipu ya choo inayovuja ndani ya ukuta, tangi lililopandishwa juu ya dari isiyojengwa kubeba tangi, au zege la kichochoro lililoongezwa mwaka hadi mwaka hadi mvua ikawa inaingilia mlangoni.

Kisha kuna simiti. Ukuta wa chokaa hunywa unyevu na kuutoa tena. Fundi akiupaka simiti ili "kuuimarisha", unyevu hukosa pa kutokea, chumvi ya matumbawe huganda nyuma ya plasta, na baada ya misimu michache plasta hubanduka vipande vipande pamoja na uso wa jiwe. Mtu apitaye huona ukuta unamomonyoka, akasema nyumba imekwisha. Mara nyingi kilichokwisha ni ile plasta. Ukiibandua, ukaacha ukuta ukauke na ukaupaka chokaa upya, jiwe la ndani utalikuta zima.

Ripoti ya kweli ya mhandisi huanza na jina lake na nambari yake ya usajili kwenye Bodi ya Wahandisi ya Kenya, na tarehe aliyoingia ndani ya nyumba. Ina mchoro wa kila sakafu. Ina picha ya kila ufa, upana wake na uelekeo wake, kwa sababu ufa mwembamba wa plasta si sawa na ufa unaopanda kwa mshazari kutoka kona ya dirisha ukatokeza upande wa pili wa ukuta. Inasema ukuta umeacha timazi kwa sentimita ngapi. Inataja boriti zipi zilipimwa na zilikutwaje. Zaidi ya yote inaeleza sababu ya kila dosari na njia ya kuitengeneza, kabla ya kufikia neno kubomoa. Ukurasa mmoja usio na kipimo hata kimoja ni maoni tu, na mna haki ya kusema hivyo kwa maandishi.

Tafuteni mhandisi wenu, na iwe mtu aliyewahi kushika nyumba za matumbawe, kwa sababu aliyezoea zege peke yake ataogopa kila anachokiona. Mwenye nyumba akikataa aingie ndani, akague kwa nje na kutokea ndani ya nyumba yako, kisha aandike wazi kwamba alikataliwa. Kuna mambo unaweza kuyafanya mwenyewe upande wako. Kwenye kila ufa wa ule ukuta mlioshikana, piga mistari miwili midogo ya penseli, mmoja kila upande, upime nafasi iliyo kati yake kwa milimita na uandike tarehe pale pale ukutani. Rudia kila wiki, piga picha rula ikiwa pale pale. Ufa usiosogea kwa miezi ni wa zamani na hauna haraka. Ufa unaopanuka unahitaji mhandisi mara moja, na hapo hatari itakuwa ya kweli kwenu pia. Boriti nazo hupimwa pale zinapoingia ukutani, si katikati. Chukua bisibisi nyembamba, bonyeza ncha ya boriti karibu na jiwe. Ikizama kwa urahisi, ncha imeoza au mchwa wameshaila. Hilo halimaanishi sakafu nzima imekufa. Hukatwa ncha iliyooza ikaungwa nyingine, au hupitishwa boriti mpya ubavuni mwa ile ya zamani. Mafundi wa kazi hiyo bado wapo Mombasa na Lamu.

Hata kama mhandisi wenu ataona hatari ya kweli, kubomoa silo jibu la kwanza. Jibu la kwanza ni kuegemeza: mihimili ya muda chini ya sakafu, tegemeo kwenye ukuta ulioinama, kuondoa tangi juu ya dari, kuziba paa, kufunga njia ya wapita. Andikeni kwamba mnataka iegemezwe sasa hivi. Ombi hilo linawaweka upande wa usalama, na linamtaka mnunuzi aonyeshe kama hofu yake kweli ni ya watu.

Sasa ukuta wako. Katika mitaa yenu ni kawaida ukuta mmoja kutumikia nyumba mbili, boriti za huku na za kule zote zikiulalia. Ukibomolewa upande mmoja bila maandalizi, wako unabaki peke yake na matundu ya boriti wazi, mvua inaingia, na mzigo uliokuwa ukiubana kwa upande ule haupo tena. Halafu ghorofa saba zinataka msingi wa kina. Misingi ya kale haikwenda chini sana, mara nyingi ilifuata mwamba wa matumbawe ulipopatikana. Kuchimba chini ya kiwango cha msingi wako, ubavuni mwake, ni kuuondolea pa kukalia. Hapa huzungumzi kama mpenda historia, unazungumza kama jirani ambaye nyumba yake itadhurika. Kabla kazi yoyote haijaanza, andaa kumbukumbu ya hali ya nyumba yako chumba kwa chumba, kwa picha zenye tarehe, umpelekee mnunuzi na kaunti nakala. Bila hiyo, siku ukuta ukipasuka utaambiwa ufa ulikuwepo.

Nije kwenye sheria, na hapa zingatieni siku.

Mji wa Kale wa Mombasa ni eneo la hifadhi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Makumbusho ya Taifa ya Kenya yana ofisi maalumu ya hifadhi yake. Isitoshe, Fort Jesus iliingia kwenye orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2011, na hali ya mji ulio ubavuni mwake ni sehemu ya mazingira yanayotakiwa kulindwa pamoja nayo. Kwa hiyo kubomoa au kubadilisha nyumba ndani ya mipaka hiyo si jambo la mwenye nyumba na fundi wake tu. Nendeni ofisi ya hifadhi mkaulize mambo mawili: nyumba hiyo imeorodheshwa vipi, na je, kuna maombi yoyote yaliyoletwa juu yake? Pelekeni barua ya pingamizi nakala mbili, moja ibaki kwao na moja mrudi nayo ikiwa na mhuri na tarehe ya kupokelewa. Barua isiyo na mhuri ni kama hamkuipeleka. (Wanaonisoma kutoka Majengo, Tononoka au Ganjoni: nyumba zenu ziko nje ya mpaka huo, na kinga haiji yenyewe. Itabidi muombe nyumba itangazwe kwenye Gazeti Rasmi la Serikali chini ya Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya 2006, na ombi hilo halifai kungojea siku tingatinga limefika.)

Upande wa kaunti, Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamtaka anayeomba kibali cha ujenzi aujulishe umma na akaribishe mapingamizi. Kama hamkuwahi kuona tangazo lolote, hiyo ni hoja kubwa, iandikeni. Kibali kikishatolewa, mwenye maslahi asiyeridhika ana siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya usuluhishi ya mipango ya kaunti. Siku 14 ni chache mno. Mnaweza kudai nakala za maombi na ramani kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, na mzidai, lakini ofisi ina siku 21 za kuwajibu. Mkikaa kungoja jibu, muda wa rufaa umeshapita. Kwa hiyo mtu wenu mmoja awe anakwenda idara ya mipango kila siku chache kuuliza kwa mdomo, na akisikia kibali kimetoka, rufaa iingie kabla karatasi zote hazijakamilika.

NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, nayo iulizwe kama imetoa leseni ya mradi huo. Ikiwa imetolewa, rufaa inakwenda kwenye Baraza la Rufaa za Mazingira ndani ya siku 60, na huko muombe amri ya kusimamisha kazi. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ipo, na Ibara ya 70 ya Katiba inamruhusu mtu kudai haki ya mazingira bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Lakini mkikimbilia kortini moja kwa moja, jaji huenda akawauliza kwa nini hamkupita kwanza kwenye kamati na baraza. Mwende na wakili, na mwende na mihuri yenu.

Mwangalieni pia huyo mnunuzi amenunua nini hasa. Mombasa nyumba yaweza kuwa ya mtu na ardhi ikawa ya mwingine. Yaweza kuwa wakfu, na wakfu hauuzwi kama mali ya kawaida, kwa hiyo ulizeni Kamisheni ya Wakfu. Na nyumba ya mirathi yahitaji ridhaa ya warithi wote, hata yule aliyeko Jeddah au London. Tafuteni taarifa za ploti kwenye ofisi ya ardhi. Nimeona pingamizi lililohangaika miezi na urembo wa roshani, kumbe mmoja wa warithi hajawahi kutia sahihi.

Na hili lazima niliseme, ingawa hamkuuliza. Mnunuzi ametoa pesa zake, na Katiba inalinda mali yake kama inavyolinda turathi yenu. Pingamizi lisilompa njia litamchelewesha tu, na nyumba iliyoachwa wazi bila paa misimu miwili ya masika itabomoka yenyewe bila nyundo. Kaeni naye. Nyumba ya kale yaweza kuwa ya wageni, ofisi, chuo, au vyumba vya kupangisha vilivyotengenezwa kwa ndani huku uso wa barabarani, roshani na mlango vikibaki. Uani, kama upo, pengine panaweza kuongezwa jengo dogo lisilopita urefu wa majirani, kwa idhini ya ofisi ya hifadhi. Mahakama ya zamani kwenye barabara ya Nkrumah, jengo la mwaka 1902, leo ni jumba la maonyesho la Makumbusho. Mpelekeeni hesabu mbili zilizopigwa na mkadiriaji majengo: ya kukarabati, na ya kubomoa na kujenga ghorofa saba pamoja na miezi ya kesi. Mfanyabiashara anazisoma hesabu.

Kazi za kubomoa bila idhini hupenda kuanza Ijumaa jioni au usiku wa kuamkia sikukuu, ofisi zikiwa zimefungwa. Wekeni zamu ya kuangalia mabati yale. Mkisikia nyundo, msiingie ndani wala msimguse fundi, yeye ni kibarua tu na paa laweza kuwa limeshalegezwa. Pigeni picha na video zenye saa, nambari za magari, na kibao cha mradi kama kipo, kwa kuwa mradi halali husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi na huwa na kibao. Ripotini kituo cha polisi kilicho karibu mpewe nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), muwapigie maafisa wa Makumbusho na idara ya mipango hata kama ni nje ya saa za kazi, na muwe na simu ya wakili wenu mkononi ili Jumatatu asubuhi ombi la amri ya kusimamisha liwe mezani likiwa na picha hizo na ile nambari ya OB.