Anayetumia tiba ya kinga: dalili za kuripoti mapema

Mtu akianza kutibiwa saratani, watu huulizia nywele. Mama yangu, ninayemuuguza, hazikumnyonyoka, na baada ya dripu alitoka wodini akitembea mwenyewe. Utulivu huo ndio unaotulegeza sisi wauguzaji. Dawa za tiba ya kinga (immunotherapy) kama pembrolizumab na nivolumab haziziui seli za saratani zenyewe. Huondoa breki iliyokuwa ikiizuia kinga ya mwili isizishambulie. Kinga ikishaachiwa, huweza kugeukia ngozi, utumbo, mapafu, ini au tezi. Wala haina ratiba: madhara huja baada ya wiki chache, baada ya miezi, hata dawa ikiwa imeshasimamishwa.

Vipele na kuwashwa ndiyo ya kawaida zaidi, na mara nyingi krimu hutosha.

Kuharisha ni habari nyingine. Daktari hupima kwa kulinganisha na kawaida ya mgonjwa mwenyewe, kwa hiyo ijue kabla dawa haijaanza. Safari za chooni zikiongezeka kwa 4 au zaidi kwa siku, piga simu siku hiyohiyo. Zikifika 7 zaidi, au ukiona damu, nenda hospitali. Usikimbilie dawa ya kufunga tumbo kabla ya kuongea na hospitali, kwa sababu utumbo unaweza kuwa umevimba na dawa hiyo ikauficha uvimbe. Kikohozi kipya na pumzi kukata pia ni vya kuripoti siku hiyohiyo. Maumivu ya kifua, mapigo ya moyo kwenda ovyo, au kope kulegea na misuli kuishiwa nguvu, hayo hayasubiri hata asubuhi.

Kilichonisumbua zaidi ni uchovu, maana mgonjwa gani wa saratani hachoki? Mama alisema, "Mwanangu, ni uzee tu." Kipimo cha damu kilionyesha tezi ya shingo imepungukiwa homoni. Sasa anameza kidonge kila siku, huenda maisha yake yote, na dripu zake zinaendelea.

Wengi huficha dalili wakihofia kunyimwa dawa. Naona hofu hiyo imekaa kinyumenyume: tatizo likiwahiwa, mara nyingi dripu huahirishwa tu, likikomaa, ndipo tiba husimamishwa moja kwa moja.

Akiandikiwa prednisolone, dawa ya steroidi ya kuituliza kinga iliyomgeukia, tegemeni usingizi kuruka (mama alipanga makabati saa nane za usiku) na sukari kupanda. Dozi hushushwa polepole, mara nyingi kwa wiki 4 hadi 6 au zaidi. Asiiache ghafla eti kwa kuwa amepata nafuu.

Ombeni kadi inayotaja dawa yake na namba ya kupiga usiku. Kwa daktari yeyote mpya, hata wa meno, anzeni kwa kusema anatumia tiba ya kinga, siyo kemo (tibakemikali), hata kama dripu ya mwisho ilikuwa mwaka jana.