Wanaanga huelea kwa sababu wanaanguka

SWALI: Ninafundisha fizikia kidato cha tatu mkoani Njombe. Wanafunzi wangu wanapenda tamthilia za anga, hasa Star Trek, ambamo watu hutembea ndani ya chombo kama wako sebuleni. Kwenye picha za Kituo cha Kimataifa cha Anga wanaona watu wanaelea. Nikawaambia huko juu hakuna mvutano. Mwanafunzi mmoja akaniletea video ya kwenye simu inayodai picha hizo hupigwa ndani ya bwawa la kuogelea huko Marekani, nikakosa la kusema. Nimjibu nini? Mwalimu, Njombe.

JIBU: Mwalimu, video ya huyo kijana tutaimaliza baada ya muda mfupi. Kinachonisumbua zaidi ni ile sentensi uliyowapa: "huko juu hakuna mvutano." Nakutana nayo kila mahali, kwenye vijitabu vya majibu ya haraka vya mitihani na hata midomoni mwa watangazaji, na ndiyo inayowafungulia mlango waongo. Mtoto mwenye akili akishaambiwa hivyo atauliza: basi Mwezi unashikwa na nini usitokomee? Mwalimu akinyamaza, simu inajibu badala yake.

Piga hesabu ubaoni. Kutoka katikati ya Dunia hadi usawa wa ardhi ni kilomita 6,371. Kituo kiko kiasi cha kilomita 400 juu yetu, yaani 6,771 kutoka katikati. Gawa 6,371 kwa 6,771, zidisha jibu kwa lenyewe (mvutano hupungua kwa mraba wa umbali), utapata 0.885. Zidisha kwa 9.81, ambao ni mchapuko wa mvutano hapa ardhini (mita kwa sekunde mraba): pale juu ni karibu 8.7. Kungekuwa na mnara wa kilomita 400, mtu wa kilo 70 akisimama kileleni na mizani, ingemsomea kilo 62. Asingeelea hata kidogo.

Anayeelea ni yule anayeanguka pamoja na chombo chake. Kituo kinakwenda karibu kilomita 7.7 kila sekunde. Ndani ya sekunde hiyo moja kinaanguka mita 4.3 kuelekea chini, na kwa umbali huo huo uso wa Dunia nao umejipinda mita 4.3. Kwa hiyo kinaanguka muda wote bila kufika chini, na kinamaliza mzunguko kwa dakika 92 hivi. Sakafu, mtu na kikombe chake vinaanguka kwa kasi moja, ndiyo maana hakuna kinachomkandamiza mwenzake. Kule juu bado kuna hewa nyembamba mno inayokipunguzia kituo mwendo, hivyo kila baada ya muda injini huwashwa kukiinua. Skylab, kituo cha Wamarekani kilichorushwa 1973, hakikuinuliwa tena baada ya wanaanga wake wa mwisho kuondoka 1974. Tarehe 11 Julai 1979 kiliingia angahewa na vipande vyake vikatua Australia Magharibi. Pasipo na mvutano, nini kilikivuta?

Usiishie ubaoni. Chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, pasha msumari moto, toboa tundu la milimita 3 hadi 4, kiasi cha sentimita 3 kutoka kitako. Ziba kwa kidole, jaza maji, acha mdomo wazi. Ukiachia kidole, maji yanaruka nje. Sasa iachie chupa kutoka kimo cha mita 2: kwa muda wote inapoanguka, maji hayatoki. Ni sekunde 0.64 tu, macho hayatoshi, kwa hiyo rekodi kwa simu yenye uwezo wa picha za polepole, 120 au 240 kwa sekunde, na weka ukuta wenye rangi nyeusi nyuma ili mchirizi uonekane. Wengi huharibu jaribio hili kwa kufunga kizibo. Ukifunga, hewa haiingii, maji yanasimama hata kabla ya chupa kuanguka, na darasa halijifunzi lolote. Wengine huisukuma badala ya kuiachia, chupa ikazunguka na maji yakarushwa pembeni. Ukishaiweza, irushe juu wima: maji yanakatika mara tu chupa inapotoka mkononi, hata ikiwa bado inapanda. Hapo ndipo wanafunzi hushtuka, maana wanagundua kwamba "kuanguka" si lazima iwe kwenda chini.

Turudi kwenye bwawa. Lipo kweli, liko Houston, lina urefu wa mita 62, upana 31 na kina cha 12, na wala NASA, shirika la anga la Marekani, haijawahi kulificha. Sababu ya kuwepo kwake ni historia ambayo watengeneza video hawana subira ya kuisoma. Juni 1966, mwanaanga Eugene Cernan alitoka nje ya chombo cha Gemini 9. Hakuwa na pa kushika wala pa kukanyaga. Kila alipokaza kitu, mwili wake ndio uliozunguka. Mapigo ya moyo yakapanda, jasho likazidi uwezo wa suti kulipoza, kioo cha kofia kikajaa ukungu, kazi ikakatizwa. Septemba mwaka huo Richard Gordon wa Gemini 11 naye aliishiwa nguvu, akarudishwa ndani baada ya dakika 33. Ndipo Buzz Aldrin akafanyishwa mazoezi chini ya maji, na chombo chake kikafungwa vishikizo na viatu vya kuingizia miguu. Novemba, kwenye Gemini 12, alifanya kazi zaidi ya saa tano kwa jumla bila kuzidiwa.

Lakini maji hayafuti uzito, yanausawazisha tu. Ndani ya suti damu bado inavutwa kichwani mwanaanga akipinduliwa, na nyundo ikimponyoka inazama. Mwonyeshe kijana vitu vya kutazama: majini kuna mapovu yanayopanda na wapiga mbizi pembeni, na kitu kikisukumwa kinapunguza mwendo mara moja. Ndani ya kituo, kijiko kikisukumwa kinakwenda kwa mwendo ule ule hadi ukutani. Wapo pia watakaokimbilia hoja ya ndege inayopanda na kushuka kama wimbi. Ndege hizo zipo, ila hutoa sekunde 20 hadi 25 tu za kuelea kwa kila wimbi, kisha kila kitu kinabamizwa sakafuni. Picha za kituoni huendelea kwa dakika nyingi bila kukatwa.

Na kama bado anabisha, mweleze yaliyompata mwanaanga Mwitaliano Luca Parmitano tarehe 16 Julai 2013 akiwa nje ya kituo. Maji ya mfumo wa kupoza suti yalivujia kwenye kofia. Hapa duniani yangeteremka shingoni na kifuani. Kule yaling'ang'ania kisogoni kama tonge, yakatambaa yakifuata ngozi hadi kufunika macho na kujaa puani. Alirudi mlangoni karibu kipofu, akifuata kamba yake ya usalama. Kuelea huko ambako watu wanakucheka kwenye simu kunaweza kumzamisha mtu kwa maji yasiyojaa ndoo.

Kuhusu Star Trek, siilaumu. Ilianza kurushwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966, ikapigwa picha studio, Los Angeles, ambako waigizaji husimama kwa miguu yao kama sisi; kumning'iniza kila mmoja kwa waya kila wiki kungemaliza fedha. Ikadai tu kwamba chombo kina mashine ya kuzalisha mvutano. Mashine hiyo haipo. Njia inayojulikana ni kuzungusha, na siku chache baada ya tamthilia kuanza, Gemini 11 ilifungwa kwa kamba ya mita 30 na Agena, chombo kisicho na watu, vikazungushwa taratibu. Ulipatikana mvutano wa bandia usiofikia hata sehemu moja ya elfu ya huu wetu. Ukitaka mvutano kamili kwa mizunguko 2 kwa dakika, unahitaji gurudumu la nusu kipenyo cha mita 224. Ukilifanya dogo itabidi lizunguke kwa kasi zaidi, na watu wanapata kizunguzungu kila wanapogeuza kichwa. Babylon 5, tamthilia nyingine ya anga ya miaka ya 1990, ilizingatia hesabu hiyo kwa kituo chake kinachozunguka.

Hatari kubwa, Mwalimu, ni mazoea ya kuchanganya hewa na mvutano. Watu wanaamini hewa ikiisha na mvutano umeisha. Mwezini hakuna hewa, na bado tarehe 2 Agosti 1971 David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya, vikafika chini pamoja. Wanaouza video za "siri za NASA" wanaishi kwa kosa hilo. Hawaonyeshi hesabu, wala hawakupi jaribio la kufanya mwenyewe, kwa sababu wanalipwa kwa idadi ya watazamaji. Yeyote anayekupa jibu la anga bila namba unayoweza kuikagua, usimpeleke darasani, hata kama yuko upande wetu.

Darasa lako linaweza kukiona kituo chenyewe. Njia yake hufika hadi nyuzi 51.6 kusini na kaskazini, kwa hiyo Njombe imo. NASA hutoa ratiba ya mapito yake kulingana na mahali ulipo. Chagua pito lenye kimo cha nyuzi 40 au zaidi, saa moja hivi baada ya jua kuzama. Kitatokea upande wa magharibi kama nyota kali isiyopepesa; ukiona taa nyekundu na kijani, hiyo ni ndege. Mara nyingi kitazimika ghafla kabla ya kufika upeo wa mashariki, kwa kuwa kimeingia kwenye kivuli cha Dunia. Mpe yule kijana saa, ahesabu sekunde tangu kitokeze hadi kizimike, azidishe kwa 7.7, aandike ubaoni ni kilomita ngapi.