Huyu mvuvi amefuata nini hapa?

Wadogo zangu mnaochukua Sanaa kwenye Diploma ya IB (International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa wa sekondari), kuna jambo nililielewa zikiwa zimebaki wiki mbili tu nitundike kazi zangu kwenye maonyesho ya mwisho: ile kazi yako moja kali haikubebi. Zinatazamwa zote kwa pamoja.

Kwenye mtaala niliosoma mimi, ulioanza kutahiniwa 2016, maonyesho yalibeba asilimia 40 ya somo. Ngazi ya juu ulitundika kazi 8 hadi 11, ngazi ya kawaida 4 hadi 7. Alama zilikuwa 30: 9 za mshikamano wa kazi, 9 za ufundi, 9 za uzito wa mawazo, 3 za jinsi ulivyoeleza uteuzi na mpangilio wako. (Mnaotahiniwa kuanzia 2027 mna mwongozo mpya, usomeni na mwalimu.) Yaani mkono mzuri peke yake ulikuwa 9 kati ya 30.

Nilikuwa na kazi 11. Kumi zilihusu kanga za bibi yangu. Ya 11 ilikuwa mzee mvuvi, rangi ya mafuta, miezi miwili ya jasho, na kila aliyepita aliisifia. Mwalimu akaitazama akaniuliza, "Huyu mvuvi amefuata nini hapa?" Sikuwa na jibu. Nikamshusha, roho inaniuma.

Halafu picha mnazopiga za kazi zenu. Mwalimu hutoa alama, ila mhakiki wa nje hupitia sampuli, na huyo hakanyagi shuleni kwenu. Anaona mafaili tu. Mimi nilipiga saa saba mchana karibu na dirisha, kioo cha fremu kikanionyesha mwenyewe nimeshika simu, katikati ya kanga ya bibi! Toeni kioo kwanza, pigeni kivulini, bila flashi.

Lebo nazo msiziandike usiku wa mwisho. Nia ya kila kazi tulipewa herufi 500, si maneno. "Inaonyesha hisia zangu" imekula herufi bure. Niliyojivunia ilisema: "Pindo limeungua kwa pasi ya mkaa. Nimeliacha, maana bibi mwenyewe hakuitupa kanga hii." Na vipimo msikisie. Kwenye skrini, kanga nzima na kadi ya posta vinalingana, kwa hiyo tafuteni futi kamba mpime.