Timu Yako Imefungwa Msimu Mzima? Usiivunje

Wiki iliyopita kocha mmoja wa timu ya chuo ameniandikia. Vijana wake wamemaliza msimu bila ushindi hata mmoja, na sasa uongozi unataka timu ivunjwe, mwakani zije sura mpya. Anauliza afanyeje. Kocha mwenzangu, usikubali.

Mimi nilikuwa beki wa kati kwenye timu ya chuo iliyokuwa kichwa cha mwendawazimu, kila kinyozi anajifunzia kwetu. Tukirudi usiku kutoka mechi, wenzetu wanatusubiri getini wakigonga masufuria. Hayo yalipita. Kinachoniuma mpaka leo ni kiongozi mmoja kutusimamisha mbele ya chuo kizima na kusema jezi zile wapewe watu wenye haya. Tulizivua palepale, tukakabidhi. Golikipa wetu, kijana mwenye mikono ambayo sijaiona kwa mwingine, hakudaka tena.

Baadaye nilipata nafasi ya kusoma Marekani, karibu na Chicago, na huko ndiko nilikosikia habari za Northwestern, chuo kikuu kilichopo Evanston, kando ya Ziwa Michigan. Mpira wao ni ule wa Kimarekani, wa kukimbia na mpira mkononi na kofia ngumu kichwani. Septemba 1979 waliwafunga Wyoming, halafu wakapoteza mechi 34 mfululizo! Msimu wa 1981 walicheza 11, wakafungwa zote 11. Novemba mwaka huo Michigan State waliwapiga 61 kwa 14. Kilikuwa kipigo cha 29 mfululizo, rekodi kwa vyuo vikubwa, na wanafunzi wao wenyewe wakamiminika uwanjani wakiimba kwamba wao ndio wabovu kuliko wote. Kuna mtu alikwenda kwenye kibao cha barabara kuu kilichoandikwa Interstate 94, yaani jina la barabara hiyo, akaongeza maandishi chini yake: Northwestern 0. Ukikipita unasoma kama matokeo ya mechi. Mimi najua wachezaji walijisikiaje kukipita.

Kocha wao alikuwa Dennis Green, Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu katika ligi yao ya Big Ten. Vile vipigo 11 vilikuwa msimu wake wa kwanza, na chuo hakikumfukuza. Mwaka uliofuata walianza kwa kufungwa tena mara tatu. Kisha Septemba 25, 1982, wakawapiga Northern Illinois 31 kwa 6. Wanafunzi waling'oa milingoti ya goli, wakaibeba mitaani hadi ziwani wakaitupa majini. Msimu huo walishinda mechi tatu tu, na Green akachaguliwa kocha bora wa Big Ten. Tatu tu! Waliompigia kura walielewa mechi tatu zina uzito gani kwa watu waliotoka kule.

Kuna kijana aliyekuwemo humo, Chris Hinton. Walimbadilisha namba zaidi ya mara moja mpaka akatulia mstari wa mbele, kazi yake kuwazuia wapinzani wasimfikie mpiga pasi. Mwaka 1983 alichaguliwa wa nne kati ya vijana wote walioingia NFL, ligi ya kulipwa ya mpira huo, na baadaye akaitwa mara saba kwenye mechi ya nyota wa ligi hiyo. Huyo angevuliwa jezi 1981, nani angemjua?

Kwa hiyo washike vijana wako. Wajaribu namba nyingine. Usiruhusu mtu yeyote, hata awe na cheo gani, awatukane mbele ya wenzao. Akitaka kusema, aseme na wewe ofisini. Nasema tena, washike. Kijana aliyefungwa wiki hadi wiki na bado anakuja mazoezini ana kitu ambacho sura mpya hazitakuja nacho.

Kwenye kikao nenda na majina yao yote, na mbele ya kila jina namba utakayompa mwakani. Wakikunyima fedha, omba mipira na uwanja. Na mazoezi yaanze wiki hii hii, kabla likizo haijawatawanya.