Mi nasema xiangqi, mchezo wa mzinga na mto

Swali lenu la wiki hii mmeuliza ni mchezo gani wa kichwa kijana ajifunze na utamsaidia nini. Mi jibu langu ni xiangqi, sataranji ya Wachina, niliujulia Wuhan, huko China, nilipokuwa nasoma, na sijaona mchezo mwingine unaomfundisha mtoto kuangalia kabla hajagusa kama huu.

Wengi wanadhani ni chesi ileile tu, hapana. Kete ni za duara zimeandikwa herufi, 16 kila upande, zinakaa kwenye makutano ya mistari sio ndani ya vyumba, na katikati ya ubao kuna nafasi wanayoiita mto. Farasi akikuta kete imemkalia mbele haruki, wanasema kafungwa mguu. Askari harudi nyuma kamwe, na hata akifika mwisho hageuki malkia kama kwenye chesi, anabaki askari. Halafu kuna kete ya mzinga, wa vita sio wa nyuki, huu ndo ulinichanganya sana, unatembea vizuri tu mstari mnyoofu lakini kula hauli mpaka kuwe na kete moja katikati ya kuruka, iwe yako iwe ya mwenzio, yaani ile kete uliyoisogeza kujikinga ndo inaweza ikampa njia ya kukupiga. Mtoto akishaumia hivyo mara mbili tatu anaanza kuuliza kilichopo katikati ni kipi.

Pale nilipokuwa nakaa kulikuwa na mzee mmoja tukimwita "Yeye", ndiyo, kwa Kichina neno "yeye" maana yake babu, kila jioni anacheza na mjukuu wake wa kama miaka 9. Mtoto ana haraka, anasukuma kete hapohapo anataka kuirudisha. Mzee hamfokei, anaweka tu kidole pale mtoni kwenye ubao palipoandikwa kwamba mtazamaji asiyesema ndo muungwana na aliyeinua kete harudishi. Baada ya miezi kadhaa nikamkuta yule dogo kakalia mikono yake miwili asije akagusa mapema, macho tu ndo yanatembea, na sisi watu wazima tumesimama pembeni kimya, kitu ambacho kwenye vijiwe vyetu vya drafti hukikuti.

Na umri sio kikwazo, Hu Ronghua alichukua ubingwa wa xiangqi wa China mwaka 1960 akiwa na miaka 15, na Xie Jun aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wa chesi kwa wanawake 1991 alianzia kwenye xiangqi akiwa mtoto wa miaka 6.

Kichina sio lazima ujue, aina za kete ni 7 tu, jioni moja zinakaa kichwani. Mi nimechora ubao kwenye boksi, nikaandika herufi juu ya vizibo 32 vya soda, nacheza na wapwa zangu wawili. Mkubwa juzi kanifunga farasi wote wawili, mdogo bado anainua na kurudisha, namwekea kidole pale mtoni.