Ukianza kuuza korosho Vietnam, anza na kalenda

Kila msimu unapokaribia, ofisi za wasafirishaji wa korosho Mtwara na Dar es Salaam hupokea vijana wapya. Wengi mmesoma biashara, FOB (bei ya mzigo ukiwa umeshapakiwa melini) na CIF (bei pamoja na bima na nauli hadi bandari ya mnunuzi) mnazijua kwa kichwa, na kuna ambao tayari mna namba ya mnunuzi wa Ho Chi Minh City mliyeokotana naye mtandaoni. Swali la kwanza huwa lilelile: bei ikoje? Bei mtaijua tu, wadogo zangu, kila mnada inatangazwa. Kinachowapita wengi ni kalenda.

Vietnam ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza korosho zilizobanguliwa, na kiti hicho imekikalia tangu 2006 ilipoipita India. Mwaka 2024 mauzo yake ya korosho nje yalivuka dola bilioni 4. Lakini mashamba yake hayafiki hata karibu na uwezo wa viwanda vyake, hivyo korosho ghafi nyingi zinatoka nje: Kambodia, Ivory Coast, Nigeria, Ghana na kwetu. Sasa tazama miezi. Vietnam yenyewe na Kambodia huvuna kuanzia Februari hadi Mei hivi. Afrika Magharibi nayo iko humohumo, inasogea kidogo mpaka Juni. Sisi tunaanza Oktoba. Ikifika Novemba, mwenye kiwanda ghala linaanza kuonyesha sakafu, oda za Ulaya na Marekani bado anazo mkononi, na korosho mpya sokoni ni zetu, za jirani zetu Msumbiji na kiasi za Indonesia. Hapo ndipo Mtwara inapokuwa na sauti.

Sauti hiyo haidumu. Mwaka Mpya wao, Tết, huangukia kati ya mwishoni mwa Januari na katikati ya Februari. 2025 ulikuwa Januari 29, na 2026 Februari 17. Wafanyakazi wa viwandani wanarudi kwao mikoani, mashine zinazimwa, benki zinafungwa. Wakirudi kazini, korosho za Kambodia zinavuka mpaka kwa lori, hazihitaji hata meli. Kontena lako kutoka Mtwara mara nyingi hubadilishiwa meli njiani, kwa hiyo weka mwezi mzima na zaidi kabla halijashuka. Chukua kalenda, shika tarehe ya Tết, rudi nyuma. Utaona kwamba mzigo unaotaka uuzike kwa bei ya uhaba unapaswa kuwa umeondoka mapema Desemba. Mnunuzi ameshaipiga hesabu hiyo. Ndiyo maana katikati ya Novemba unaweza kuona mtu aliyekuwa anajibu ujumbe ndani ya dakika mbili sasa anajibu kesho yake. Biashara hajaiacha. Anakusubiri ufike Januari.

Jambo la pili ni paundi, ile ya uzito, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo pesa zinapopotelea. Mkulima anauza kilo, chama kikuu cha ushirika kinauza kilo, wewe unalipa kilo. Kiwanda cha Vietnam hakinunui kilo. Kinanunua kiini kitakachotoka ndani ya ganda, na kinakipima kwa paundi kwa kila gunia la kilo 80. Mkataba unaweza kusema paundi 48, na kila paundi inayopungua inakatwa kwenye bei kwa uwiano.

Jifunze kupima mwenyewe, usisubiri kupelekewa karatasi. Chota sampuli kwenye magunia mengi ya ghala, ya juu, ya katikati na ya chini, changanya, pima kilo moja kamili. Zihesabu ni korosho ngapi, maana nazo wataziuliza. Kisha pasua moja moja. Viini vizima na safi weka upande mmoja. Vyenye madoa au vilivyosinyaa kiasi weka pembeni, hivyo uzito wake unahesabiwa nusu. Vilivyooza na maganda matupu havihesabiwi kabisa. Jumla ya gramu unayoipata zidisha kwa 0.17637. Gramu 272 zinakupa paundi 48. Gramu 260 zinakupa chini ya 46. Tofauti ni gramu 12, uzito usioweza hata kuusikia kiganjani. Chukulia mfano wa dola 1,500 kwa tani kwa msingi wa paundi 48: kila paundi moja ni dola 31 na senti 25 kwa tani. Kwenye tani 100 umeshaacha dola 3,125 kwa kila paundi, na hujapakia hata kontena la kwanza.

Unyevu nao upime palepale. Ukizidi asilimia 10 usijifariji kwamba zitakauka njiani. Ndani ya kontena lililofungwa, baharini, joto linapanda na kushuka, maji yanadondoka kutoka kwenye bati la juu, na korosho zinafika na ukungu. Tandika karatasi nzito ukutani, tundika mifuko ya kunyonya unyevu, na kagua kontena tupu mchana ukiwa ndani na milango imefungwa: ukiona mwanga unapenya mahali, likatae. Wapakiaji watanung'unika. Waache wanung'unike.

Halafu soma mkatabani ni kipimo cha nani kitakachokuwa cha mwisho. Mwenzako atataka kile cha bandarini kwake, mara nyingi cha Vinacontrol au Cafecontrol, kampuni za ukaguzi za Vietnam. Wewe unataka cha kupakia. Kampuni zile zinafanya kazi yake, tatizo ni kwamba mzigo ukishashushwa Cát Lái, bandari ya Ho Chi Minh City, wewe upo Mtwara, na mtu mwenye mzigo wake bandari ya ugenini, gharama za kontena zikihesabiwa kila siku, hana ubishi mrefu. Mkishindwa kukubaliana, angalau muandike kwamba una haki ya kuweka mtu wako siku ya kupasua sampuli, na mtu huyo umtafute kabla meli haijang'oa nanga.

Kuna swali ambalo kila mnunuzi mgeni atakuuliza: kwa nini usiende moja kwa moja kwa mkulima? Mjibu mapema na kwa uwazi. Korosho zetu zinapita AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika, zinaingia ghala kwa stakabadhi, zinauzwa mnadani, siku hizi kupitia mfumo wa Soko la Bidhaa, TMX. Kununua shambani ni kangomba, na kangomba ni kosa. Mweleze pia ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje, asilimia 15 ya thamani ya FOB au dola 160 kwa tani, kutegemea ipi kubwa. Asipoyajua haya ataona unamzungusha, atakwenda kwa dalali anayemwambia maneno matamu.

Mfumo huo una maana nyingine kwako: ukishinda mnada, unalipa ndani ya siku chache, kwa shilingi, mzigo wote. Mnunuzi wako atalipa hati zikishafika benki yake. Katikati hapo pana wiki nyingi ambazo fedha iliyolala ni yako, au ya benki, na riba inatembea. Minada ya mwanzo ya msimu wa 2024/25 ilivuka Sh 4,000 kwa kilo, kwa hiyo piga mwenyewe tani 100 ni shilingi ngapi. Vijana wengi huingia mnadani na faida kichwani bila kuweka riba hiyo kwenye hesabu.

Kuhusu malipo, sikiliza kisa cha Wavietnam wenyewe. Mwanzoni mwa 2022 kampuni zao zilipeleka Italia karibu makontena 100 ya korosho, malipo yakiwa ya kutoa hati benki: mnunuzi analipa, ndipo anapewa hati za mzigo. Hati halisi za makontena 36 zikapotea mikononi mwa watu wasiojulikana, na mwenye hati halisi ya shehena ndiye mwenye mzigo. Ilibidi chama chao cha korosho, VINACAS, na ubalozi wao waingie kati. Hao ni watu walioizoea biashara hii kwa miongo. Kwa mteja mpya, dai LC isiyofutika, yaani ahadi ya benki kwamba utalipwa hati zikiwa sawa, kutoka benki ambayo benki yako inaikubali, uliza benki ya kule kwa njia za kibenki wala si kwa barua pepe aliyokupa mnunuzi, na angalia kila herufi kwenye hati: jina la meli, idadi ya magunia, cheti cha afya ya mimea cha TPHPA, mamlaka yetu ya afya ya mimea, cheti cha ufukizaji, cheti cha uasili. Hitilafu ndogo kwenye hati inampa mnunuzi sababu ya kuomba punguzo, hasa kama bei imeshuka tangu msaini. Na bei ikipanda, wapo wauzaji wa Afrika wanaowatosa Wavietnam vilevile, tusijifanye watakatifu.

Sasa mambo madogomadogo. Wako mbele yetu kwa saa nne. Ukifika ofisini saa mbili asubuhi, kwao ni saa sita mchana, wamekwenda kula na wengi watajinyoosha kidogo. Piga kabla ya hapo au subiri saa tatu na nusu. Jambo la benki likamilishe kabla ya saa sita yetu mchana, baada ya hapo kaunta zao ndizo zinazofunga. WhatsApp wanatumia, lakini wenyewe kwa wenyewe wako Zalo, programu yao ya ujumbe, ipakue. Ukiona Nguyễn kwenye barua tatu tofauti usidhani ni ukoo mmoja; jina la kumwitia mtu ni lile la mwisho. Na hili likae kichwani: wao huandika nukta panapo maelfu na mkato panapo desimali. "1.450" kwao ni elfu moja mia nne na hamsini. Kwenye mkataba andika kiasi kwa tarakimu na kwa maneno.

Usiweke kila kitu Vietnam. Tuliuza mbaazi India miaka na miaka, Agosti 2017 wakaweka ukomo wa kuagiza, na bei ya mkulima wetu ikaporomoka. India bado inanunua korosho zetu, ina viwanda vyake, na msimu wetu unaikuta nayo ikihitaji. Kuwa na mnunuzi wa pili kunabadilisha hata namna unavyomjibu wa kwanza.

Ukipata nauli, nenda, ila usiende wakati wa Tết. Toka Ho Chi Minh City panda gari kuelekea Bình Phước, ambayo tangu Julai 2025 imeunganishwa na mkoa wa Đồng Nai. Viwanda vya korosho viko huko, vikubwa na vya uani. Mwenyeji atakupeleka kwenye mashine za kuchagua rangi na atataka upige picha. Piga, kisha omba akupeleke kwenye meza ya kupasua sampuli. Tazama wanavyotenga zile zenye madoa, maana kuna wanaozihesabu nusu na kuna wanaozitupa kabisa, na hilo linapaswa kuandikwa kwenye mkataba wako wa Oktoba.