Nilimpigia mluzi, akaja

*Shikamoo Shangazi. Nina watoto wawili, naishi Dodoma, ila nimekulia Mvomero, kwenye shamba la mahindi la baba. Tulikuwa na mbwa, Watasema. Usiku wa kulinda shamba alilala chini ya dungu, na nguruwe pori wakisogea yeye ndiye wa kwanza kujua. Mwaka 1990, nikiwa na miaka kumi, alipata kichaa. Udenda, sauti imebadilika, anatafuna vijiti. Akajificha migombani. Baba akaniambia nimpigie mluzi, maana alinizoea mimi zaidi. Nikapiga. Akatoka anapepesuka, mjomba akamaliza kwa rungu. Baba alimfukia mwenyewe chini ya mwembe. Baba yupo hai, hatujawahi kulizungumza. Sasa watoto wanataka mbwa, nimekataa bila kutaja sababu. Juzi mke wangu, mtu wa Tanga, alinikuta natokwa na machozi, akacheka: mtu mzima unalilia mbwa? Je, nina tatizo?*

Marahaba, mwanangu. Huna tatizo. Ulifiwa, na hakuna aliyekupa pole. Naanza mimi: pole sana.

Jina nalo! Kwetu tulikuwa na Hayakuhusu, kwa ajili ya jirani mmoja ambaye hadi leo simtaji. Ukimwita mbwa jioni, ujumbe unafika.

Sasa huo mluzi, maana ndiko kidonda kiliko. Kichaa cha mbwa dalili zikishatokea hakitibiki. Mbwa aliyefikia udenda na kubadilika sauti hufa ndani ya siku chache hata asipoguswa. Watasema angefia kwenye ile migomba, koo limekaza, maji hayamezeki, na kabla ya hapo angeweza kumuuma yeyote nyumbani kwenu, wewe ukiwa wa kwanza. Mluzi wako haukumuua, alikuwa anakufa tayari. Ninachokasirikia mimi ni mtoto wa miaka kumi kusimamishwa mbele ya mbwa mwenye kichaa ili awe chambo. Hapo wazee wako walikosea, na nalisema wazi kwa sababu wewe umelibeba kosa lao miaka yote hii kama lako.

Mkeo usimnunie. Kwao wengi wamelelewa kumkwepa mbwa, hata akiwagusa nguo wanazifua, na hajui lolote kuhusu dungu wala migomba. Msimulie yote, pamoja na rungu. Kama ni msomaji wa Kurani, atawakumbuka wale vijana wa Sura ya Al-Kahf, waliolala pangoni mbwa wao kanyoosha miguu ya mbele kizingitini. Wa kwenu alikuwa na kazi hiyohiyo.

Watoto wapewe mbwa wao. Akifikisha miezi mitatu achanjwe kichaa, halafu kila mwaka. Mtaalamu wa mifugo wa kata yenu atawapangia. Na wajue mapema: wakiumwa na mbwa yeyote, hata huyo wao, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Chanjo ndiyo ingemwokoa Watasema, na kuitafuta haikuwa kazi ya mtoto.

Ila kilichonifanya nisome barua yako mara tatu ni ile sentensi uliyoipitia haraka, kwamba baba alimfukia mwenyewe. Mwanangu, mimi nimekulia kijijini. Mbwa akifa anafungwa kamba mguuni, vijana wanamburuta hadi korongoni, habari imekwisha. Mwanamume anayechukua jembe akachimba chini ya mwembe wa nyumbani, pale watu wanapokaa na kula, kwa ajili ya mbwa? Sijui kama uliwahi kujiuliza alikuwa anafikiri nini wakati anachimba. Na mluzi ule yeye ndiye aliyeuagiza.

Kwa hiyo nenda Mvomero, na usimpigie simu kulisema hili. Kaa na mzee hapo mwembeni, kama bado upo, umuulize: "Baba, unamkumbuka Watasema?" Halafu nyamaza. Akitaka kukwepa ataanza kuzungumzia nguruwe, walivyomaliza mahindi mwaka ule, na idadi itakuwa inaongezeka. Mwache aanze na nguruwe.